Simu Ikishajibu

Kwa miezi saba kazi yangu ilikuwa kuchora visanduku. Nafungua kompyuta, inakuja picha ya jani la muhogo, nami navuta kipanya kuzungushia kila doa la njano, kila mkunjo, kila sehemu iliyopauka. Nikimaliza nabonyeza jina la ugonjwa, inakuja picha nyingine. Mia mbili kwa siku ndiyo ilikuwa kawaida. Siku za haraka nilifikisha mia tatu, na nadhani siku hizo nilikosea sana.

Picha nyingi hazikuwa na ubishi. Batobato hujitangaza yenyewe: jani limejikunja, limejaa mabaka ya kijani na njano, kama nguo iliyomwagikiwa dawa ya kung'arisha. Shida ilikuwa kwenye majani ya kati na kati. Jani lina njano kidogo kandokando ya mishipa, limepigwa picha jua la saa sita, na kivuli cha mpigaji kimelala juu yake. Ni ugonjwa wa michirizi kahawia unaanza? Ni udongo uliochoka? Au ni jani lililozeeka tu, linajiandaa kudondoka? Kila picha ilipewa watu watatu. Wawili wakikubaliana, huo ndio ukweli. Wa tatu anahesabiwa amekosa, na akikosa mara nyingi anapunguziwa kazi. Basi tukajifunza upesi kuchagua jibu ambalo tulidhani wenzetu watalichagua. Nalitaja hili kwa sababu kila mara nasoma kwamba mashine "imejifunza kutoka kwenye data", kana kwamba data huota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Sehemu ya data hiyo ni mimi, saa nne usiku, nikikisia mtu nisiyemjua atakisia nini.

Tuliambiwa tunajenga akili bandia. Wengine huiita akili mnemba, wengine akili unde. Mimi ulimi wangu umezoea mnemba, ingawa unde ina ukweli wake, maana inatokana na kuunda, nami nilikuwa mmoja wa waundaji ambao hawakuwahi kuingia karakanani.

Shamba lenyewe nililiona baadaye, mkataba ukiwa umeshaisha. Afisa ugani aliyekuwa akiamua zile picha zilizotushinda alinialika niende naye siku moja, nione majani yakiwa bado mtini. Tulikwenda kwa pikipiki yake.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo. Tukamwamkia, akaitikia, akatuongoza hadi mstari wa tatu bila kuuliza tumefuata nini, kwa kuwa afisa alishampigia simu jana yake. Afisa akafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, akainama, akaielekeza kamera kwenye jani. Programu haikuhitaji intaneti. Sekunde mbili tatu, kisha visanduku vikajitokeza juu ya jani, vilevile kama vyangu, vikiyumba kila mkono wake ulipoyumba. Sitaficha, nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kumwambia yule mama, unaona kile, huenda nilikichora mimi.

Batobato, simu ikasema, kwa Kiswahili.

Mama akasoma kioo, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo yenyewe." Kisha akatazama nyuma yetu, kule pikipiki ilikoegeshwa. Alikuwa anaangalia keria. Keria ilikuwa tupu.

"Pingili hamkuja nazo, wanangu?"

Hatukuja nazo.

Kwa asiyelima muhogo, swali hilo linahitaji maelezo. Batobato na michirizi kahawia ni magonjwa ya virusi, na hakuna dawa ya kupulizia ikaponya mmea ulioambukizwa. Inzi weupe huvisambaza virusi hivyo kutoka mmea hadi mmea, lakini msambazaji mwingine ni mkulima mwenyewe, bila kujua. Zao hili mkulima halioteshi kwa mbegu za punje. Anakata shina la msimu uliopita vipande vipande, ndizo pingili, anavizika ardhini. Shina likiwa na virusi, amepanda virusi. Michirizi kahawia ina ujanja zaidi, kwani mmea unaweza kusimama vizuri kabisa, majani hayatishi, na huku chini mizizi imeshaoza kwa ndani, imekuwa ya kahawia na mikavu kama kizibo. Mkulima anakuja kujua siku ya kuvuna. Dawa yake ni kung'oa mimea migonjwa na kupanda pingili safi, za aina inayostahimili. Simu inaweza kusema ng'oa. Pingili inatoka kwa mtu aliyeizalisha shambani kwake mwaka mzima, ikakaguliwa, ikafungwa mafungu, ikasafirishwa kabla haijakauka.

Tangu siku ile, kila nikisikia habari ya akili mnemba na maendeleo endelevu, nafanya kama yule mama. Naangalia keria.

Nisije nikaeleweka kwamba jibu la simu ni upuuzi. Programu inayojulikana zaidi kwenye zao hili ni Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, na historia yake imeandikwa kwa uwazi ambao natamani miradi mingine ingeuiga. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya modeli, yaani ule ubongo wa mashine, iliyofunzwa kwa picha 2,756 za majani kutoka Tanzania. Ilipata asilimia 93 kwenye picha ambazo haikuwa imeziona. Ungeishia hapo ungedhani kazi imekwisha. Mwaka 2019 waliitia modeli kwenye simu, wakaipeleka shambani ikajaribiwa kwenye vijani 720. Hata kwa dalili zilizo wazi kabisa, kipimo chao cha ufanisi kilishuka kwa asilimia 32 kwenye picha za huko. Jua, upepo, mkono unaotetemeka, jani lililojificha nyuma ya jani: hayo yote hayakuwemo kwenye picha za mwanzo.

Halafu ikaja ripoti ya 2020, ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nuru iliyokwisha kuboreshwa, ikitazama jani moja, ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima walipata kati ya 18 na 31. Namba hiyo ya mwisho ilininyamazisha. Mimi ni katika wale wanaopenda kusema mkulima analijua shamba lake kuliko mashine yoyote, na yule mama alikuwa sahihi siku ile, lakini ukiwachukua wakulima kwa wingi wao, wengi walishindwa kuyatambua magonjwa haya. Kwa hiyo jibu lina thamani.

Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Programu ilipomtaka mtumiaji aelekeze simu kwenye majani sita ya mmea uleule badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya 74 na 88. Ubongo wa mashine ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliambiwa auzunguke mmea, ainame, atazame juu na chini. Sehemu kubwa ya maarifa ya ziada ilitoka kwenye magoti ya mtu.

Niende Togo, kwa sababu huko nilikuta keria iliyojaa.

Aprili 2020, wakati shughuli zimefungwa kwa sababu ya korona, serikali ya Togo ilianzisha mpango uitwao Novissi wa kuwatumia fedha kwa simu watu waliopoteza riziki. Mtu alibonyeza namba fupi kwenye simu yoyote, hata ya batani, akaingiza namba ya kadi ya mpiga kura, na akistahili fedha zikaingia kwenye simu hiyohiyo. Kadi za wapiga kura zilikuwa zimehuishwa karibuni kwa ajili ya uchaguzi wa rais wa Februari mwaka huo. Mwanzo fedha zilielekezwa zaidi Lomé na vitongoji vyake. Walipotaka kwenda vijijini wakakwama, kwani nchi haikuwa na daftari linaloonyesha kaya zipi ni maskini zaidi, na huwezi kupita nyumba kwa nyumba wakati wa janga. Wakashirikiana na watafiti pamoja na shirika la GiveDirectly. Picha za setilaiti zilitumika kuchagua kantoni 100 maskini zaidi, yaani maeneo madogo ya utawala, kisha kumbukumbu za matumizi ya simu zikatumika kukadiria nani ndani ya kantoni hizo ana hali ngumu zaidi. Zaidi ya watu 100,000 walilipwa kwa njia hiyo.

Watafiti walipopima matokeo, waliyoyachapisha 2022, walikuta kwamba njia hiyo ilipunguza makosa ya kuwaacha wanaostahili kwa kati ya asilimia 4 na 21 ikilinganishwa na njia za kuchagua kwa eneo peke yake. Lakini ingelinganishwa na daftari kamili la kaya, kama lingekuwepo, makosa hayo yangekuwa juu kwa kati ya asilimia 9 na 35. Kwangu hiyo ndiyo sentensi ya maana kuliko zote katika andiko lile. Akili mnemba ilikuwa bora kuliko walichokuwa nacho siku ile, na duni kuliko kazi ya kawaida ya serikali ambayo haikuwa imefanywa. Anayetaka kuuza mashine atanukuu nusu ya kwanza. Na asiye na simu, au anayeazima laini ya shemeji, mashine haikumwona kabisa.

Hata hivyo Novissi ilinipendeza kwa jambo moja. Jibu na fedha vilipita bomba lilelile. Simu iliposema "unastahili", haikumwachia mtu kazi ya kwenda kutafuta ofisi.

Sasa kifua kikuu, ambako nitakaa kidogo, maana ndiko nilikoelewa kwamba namba inayotolewa na mashine ni nusu ya habari.

Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walikufa, kwa ugonjwa unaotibika. Picha ya eksirei ya kifua husaidia kuwapata wagonjwa mapema, ila wataalamu wa kuisoma ni wachache mno katika nchi nyingi zenye ugonjwa huu kwa wingi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha hizo badala ya binadamu katika uchunguzi wa watu wenye miaka 15 na zaidi. Lilikuwa jambo kubwa. Mashine ya eksirei inayobebeka, kompyuta mpakato, na baada ya muda mfupi una jibu.

Jibu lenyewe huja kama alama, kwa kawaida kati ya 0 na 100. Kadiri inavyopanda ndivyo kifua kinavyotia shaka. Mashine haisemi una kifua kikuu au huna. Lazima mtu aweke mstari: walio juu ya hapa waende kupimwa makohozi, walio chini warudi nyumbani.

Tuseme kituo kimechunguza watu elfu moja kwa wiki. Mstari ukiwekwa 60, labda watu hamsini wanapelekwa kwenye kipimo cha makohozi. Ukiushusha hadi 40, labda ni mia moja na themanini. Miongoni mwa wale wa ziada wamo wagonjwa wa kweli ambao mstari wa juu ungewarudisha nyumbani wakaendelea kukohoa kando ya watoto wao. Kwa hiyo ushushe? Ngoja. Mashine ya kupima makohozi iliyoenea, yenye vyumba vinne, hupima sampuli nne kwa mkupuo na kila mkupuo huchukua karibu saa mbili. Siku ya kazi ya saa nane inatoa sampuli kumi na sita, umeme usipokatika. Siku tano, themanini. Watu mia moja na themanini hawaingii kwenye themanini. Na kila sampuli ina kikasha chake kinachotumika mara moja tu, ambacho mtu fulani, kwenye ofisi fulani, aliagiza idadi yake mwaka jana.

Ndiyo kusema mstari ule, unaoonekana kama jambo la kitaalamu ndani ya kompyuta, umewekwa na vikasha, umeme na mishahara ya mafundi maabara. Shirika la Afya Duniani limetoa hata mwongozo wa namna ya kuupima na kuurekebisha kulingana na mahali. Lakini programu hufika ikiwa na mstari wa kiwandani, na nani ana muda wa kuugusa? Hivyo mtu aliye mbali, asiyekijua kituo, anaamua bila kujua nani arudi nyumbani. Baada ya hapo bado kuna matibabu, ambayo kwa kawaida ni miezi sita ya dawa kila siku, na muuguzi wa kumfuatilia mgonjwa mwezi wa tatu, pale nguvu zinaporudi na hamu ya vidonge inapopotea. Muuguzi huyo ndiye keria.

Thailand ilitoa somo la namna hiyohiyo kwenye macho. Google ilipopeleka programu ya kugundua madhara ya kisukari kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, katika kliniki 11, zaidi ya moja ya tano ya picha 1,838 zilizopigwa na wauguzi zilikataliwa na mfumo kwa kuwa hazikuwa na ubora iliozoea. Vyumba havikuwa na giza la kutosha. Intaneti ilikuwa ya kusuasua. Mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa aliambiwa aende kwa mtaalamu kwingine, siku nyingine, hata kama muuguzi kwa macho yake aliiona picha haina shida. Sifa ya waliofanya kazi hiyo ni kwamba waliyasema haya wenyewe, mwaka 2020.

Mafuriko na vimbunga nitavipitia kwa haraka, ingawa ndipo wengi hupenda kuanzia. Machi 2024 watafiti wa Google walichapisha modeli iliyofunzwa kwa vipimo kutoka vituo 5,680 vya kupima maji ya mito, inayoweza kutabiri mafuriko makubwa hata kwenye mito isiyo na kipimo chochote. Utabiri wake wa siku tano mbele ulilingana na ule wa mfumo mkuu wa dunia kwa siku yenyewe, au ukauzidi. Ni maendeleo ya kweli, hasa kwa nchi ambazo vipimo vya mito vimeanguka na havikurudishwa. Siku tano ni muda wa kuhamisha mifugo na wazee.

Lakini ukitaka kujua utabiri unavyookoa watu, soma habari za Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kinakadiriwa kuua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo nchi hiyo ilianza kujenga mtandao wa wajitolea vijijini, wenye bendera, ving'ora na vipaza sauti vya mkononi, ambao leo ni zaidi ya 70,000, pamoja na majengo ya kujihifadhi. Mei 2020, kilipokuja kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa Bangladesh, na waliokufa huko walihesabika kwa makumi. Mtu anayepita na kipaza sauti akiita majina ya majirani zake hana modeli yoyote mkononi. Mpe siku mbili za ziada, atafanya maajabu. Mwondoe, halafu tuma ujumbe mfupi kwa simu mia moja ambazo nusu yake hazina chaji.

Kuna jambo linanihusu kwa karibu zaidi, nalo ni lugha. Baada ya visanduku nilipata kazi ya kusahihisha majibu ya Kiswahili ya mifumo inayoongea, ile inayotakiwa kumjibu mkulima au mama mjamzito. Mifumo hii haisomi maneno kama sisi. Huyakata vipande, na namna ya kukata imejifunza zaidi kwenye Kiingereza. Chukua neno "hawatanielewa". Kwetu ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake: ha- ya kukanusha, wa- ya watu, -ta- ya wakati ujao, -ni- ya mimi, na elewa. Mashine ikikata kwa mazoea yake, inaweza kupasua pasipo na kiungo, kama mtu anayechinja kuku kwa kumkata katikati ya paja. Neno letu moja linakuwa vipande vitano sita, na huduma nyingi hutoza kwa vipande. Yaani swali lilelile, likiulizwa kwa Kiswahili, linaweza kugharimu zaidi na kujibiwa vibaya zaidi.

Na lafudhi ya majibu! Lugha nyingi za Afrika zina maandishi machache mtandaoni, na sehemu kubwa ya hayo machache ni ya dini. Nimewahi kusahihisha ushauri wa kunyunyizia dawa ulioanza na "Enyi wakulima". Nilicheka, nikaurekebisha. Mwingine haukuchekesha: "toa dawa" ilikuwa imegeuka "ondoa dawa" kwenye maelekezo ya kumnywesha mtoto. Aliyeandika mfumo asingeweza kuligundua, kwa kuwa hasomi Kiswahili. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya vikundi kama Masakhane, watafiti wa Kiafrika waliojikusanya tangu 2019 kushughulikia lugha za bara hili, na ya wale wengi waliojirekodi wakisoma sentensi za Kiswahili kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla bila malipo. Hiyo ni miundombinu, sawa na nguzo za umeme.

Nikitaja umeme, niseme na hili. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia karibu saa-terawati 415 za umeme, kama asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba kufikia 2030 matumizi hayo yatazidi mara mbili, yafike kama 945. Kusini mwa Sahara watu wapatao milioni 600 hawana umeme kabisa. Siweki namba hizo bega kwa bega ili nimtie mtu hatia kwa kuuliza swali kwenye simu. Programu ndogo kama ile ya majani, inayofanya kazi ndani ya simu ya kawaida bila mtandao, inakula umeme wa betri tu. Ndiyo sababu naipenda kuliko mifumo mikubwa inayojua kila kitu. Neno "endelevu" lingepaswa kuanza kuulizwa hapo: kifaa hiki kitafanya kazi mfadhili akiondoka?

Ile kampuni iliyotupa kazi ya visanduku, kwa mfano, haikuendelea. Tulilipwa kwa picha, na malipo ya picha yalipunguzwa mara mbili bila maelezo. Mkataba wangu uliisha kwa ujumbe wa mistari miwili siku ya Ijumaa, na Jumatatu nywila ikawa haifanyi kazi. Sikuwahi kuambiwa modeli iliyotokana na kazi yetu ilipelekwa wapi, wala kama wenye yale mashamba walipata kuiona. Nina kinyongo, sikatai, na msomaji akipunguze anavyoona inafaa.

Mwaka 2020 kikundi cha watafiti kiliyapitia Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 yenye shabaha 169 ambazo dunia ilizipitisha 2015, kikaamua kwamba akili mnemba inaweza kusaidia shabaha 134 na kukwamisha 59. Watu hupenda kuinukuu 134. Mimi sijui hata nifanye nini nayo. Shabaha haisaidiwi kwa jumla jumla. Inasaidiwa kwenye mstari wa tatu wa shamba, au haisaidiwi.

Siku hizi mara mojamoja naombwa kusoma maandiko ya miradi kabla hayajapelekwa kwa wafadhili, kwa sababu ya Kiswahili changu. Naanza na bajeti, ukurasa wa mwisho. Andiko la karibuni lilikuwa na fungu la seva, la wataalamu wa data, la warsha mbili, la vishikwambi, la kutangaza matokeo. Lilikuwa la muhogo pia, kwa bahati. Nilitafuta pingili. Hazikuwemo. Nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu wa kompyuta: "Simu ikishasema ng'oa, anapanda nini?" Jibu lilirudi baada ya wiki: hilo liko nje ya mawanda ya mradi. Walinishukuru kwa kusahihisha tahajia.

Na yule afisa ugani? Bado tunawasiliana. Miezi mitano baada ya safari yetu alinitumia picha. Ilikuwa ya pikipiki yake, imepigwa kwa haraka, imetikisika kidogo. Kwenye keria kulikuwa na mafungu manne ya pingili yaliyofungwa kwa mpira wa tairi kuukuu, mazito kiasi kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea. Alizipata kwa kikundi cha wazalishaji wa mbegu safi walio safari ya nusu siku, kwa mafuta yake mwenyewe. Fungu moja lilikuwa la yule mama.

Chini ya picha aliandika: "Hii usiichoree kisanduku, ndugu yangu."